Faili la kora

Faili la kora ni faili ambalo mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix huliandika kwenye diski pale programu inapokufa ghafla kwa sababu ya hitilafu. Ndani yake kuna nakala ya kumbukumbu ya programu hiyo jinsi ilivyokuwa wakati wa kuanguka, pamoja na hali ya rejista za prosesa. Kwa kutumia faili hilo mtengenezaji wa programu anaweza kujua msimbo ulikuwa umefika mstari gani, funksheni ipi iliita ipi, na vigeu vilikuwa na thamani gani, hata kama ajali ilitokea usiku na hakuna mtu aliyekuwa mbele ya kompyuta.

Katika mifumo mingi ya Linux ya leo, mtumiaji wa kawaida, yaani mtu asiye na mamlaka ya akaunti ya root, halioni faili hilo mpaka abadilishe mipangilio. Sehemu ya mipangilio hiyo iko mikononi mwake mwenyewe, na sehemu nyingine ni ya msimamizi wa mfumo peke yake. Wanafunzi wengi wa lugha ya C hukwama hapa: terminali inawaambia kwamba kora imeandikwa, nao wanalitafuta faili kila mahali bila kuliona.

Faili la kora lisichanganywe na nakala ya kumbukumbu ya keneli, ambayo huchukuliwa mfumo mzima unapoanguka. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na chombo kiitwacho kdump, nayo haimhusu mtumiaji wa kawaida.

Asili ya jina

Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1970 kumbukumbu kuu ya kompyuta ilitengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwa nyaya. Kila kipete kilihifadhi biti moja. Kwa Kiingereza kipete hicho kiliitwa core, na kuchapisha yote yaliyomo katika kumbukumbu ili kuyakagua kuliitwa kuimwaga kora. Vipete vilipotoweka na nafasi yake kuchukuliwa na vipande vya silikoni, jina lilibaki. Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotolewa na Bell Labs mwaka 1971, tayari ulikuwa na ukurasa unaoeleza faili liitwalo core, na jina hilo hilo ndilo linaloonekana kwenye diski hadi leo.

Faili linavyozaliwa

Keneli huzungumza na michakato kwa kutumia ishara zenye namba. Programu ikigusa anwani ya kumbukumbu isiyo yake, keneli huipelekea ishara ya SIGSEGV, namba 11. Programu ikigundua yenyewe kwamba mambo yameharibika na kuamua kujiua kwa kuita abort, ishara ni SIGABRT, namba 6. Kosa la hesabu kama kugawanya namba kamili kwa sifuri huleta SIGFPE, na amri ya prosesa isiyoeleweka huleta SIGILL. Kama programu haikuandaa njia yake ya kuipokea ishara ya namna hii, keneli huiua na kuandika kora. Ishara nyingine, kama SIGTERM na SIGKILL, huua bila kuacha kora.

Sheli (ya kompyuta, si ya kuuza petroli) hutoa namba ya kumalizia ambayo ni 128 ukijumlisha namba ya ishara. Kwa hiyo namba 139 maana yake ni SIGSEGV, na 134 ni SIGABRT. Anayeendesha kazi kwenye seva ya mbali huweza kuitambua ajali kwa namba hiyo tu.

Makosa ya kawaida ya Python au Java hayaleti faili la kora. Katika lugha hizo kosa hunaswa na programu inayoendesha msimbo, ambayo huchapisha maelezo yake na kutoka kwa utaratibu. Kora hutokea pale tu programu hiyo yenyewe, au maktaba iliyoandikwa kwa C ndani yake, inapoanguka.

Kikomo cha ukubwa

Mlango wa kwanza ni kikomo kiitwacho RLIMIT_CORE, ambacho husema faili la kora linaruhusiwa kuwa kubwa kiasi gani. Kikiwa sifuri, keneli haiandiki faili. Hivyo ndivyo usambazaji mwingi wa Linux unavyokuja, ili diski zisijae mafaili ambayo watu wengi hawana haja nayo. Programu iliyotumia gigabaiti 4 inaweza kuacha kora inayokaribia ukubwa huo, na kwenye maabara ya chuo ambako kila mwanafunzi amegawiwa nafasi ndogo, ajali moja inatosha kumzuia asihifadhi kazi yake.

Kikomo kina pande mbili. Kikomo laini ndicho kinachotumika kwa wakati huo. Kikomo kigumu ni dari: mtumiaji wa kawaida anaweza kupandisha kikomo laini mpaka kufikia dari hiyo, na anaweza kuishusha dari yenyewe, lakini akishaishusha hawezi kuipandisha tena. Ni root tu anayeweza. Pande zote mbili huonekana kwa amri hizi:

ulimit -S -c
ulimit -H -c

Mara nyingi ya kwanza hujibu 0 na ya pili hujibu unlimited, yaani hakuna mpaka. Hali ikiwa hivyo, mtumiaji hahitaji kumwomba mtu yeyote. Anaandika:

ulimit -S -c unlimited

Herufi S isiachwe kwa kudhani ni pambo. Katika sheli ya bash, amri ya ulimit isiyo na S wala H hubadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Mtu anayeandika ulimit -c 0 ili kuzima kora kwa muda mfupi huwa ameiteremsha na dari, na akijaribu kuwasha tena katika dirisha lile lile hukataliwa. Tiba ni kufungua terminali mpya.

Anayetaka kuweka namba badala ya unlimited aangalie kipimo. Bash huhesabu kwa vipande vya baiti 1024, lakini dash, ambayo ndiyo sh ya Debian na Ubuntu, huhesabu kwa vipande vya baiti 512. Namba ile ile hutoa kikomo tofauti katika sheli hizo mbili. Na kora iliyokatwa katikati kwa sababu ya kikomo kidogo mara nyingi haisomeki vizuri, hivyo ni afadhali kuruhusu yote au kuzima kabisa.

Kikomo hurithiwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Amri iliyoandikwa kwenye terminali inahusu sheli hiyo na programu zitakazoanzishwa kutoka humo, basi. Programu iliyofunguliwa kwa kubofya alama yake kwenye menyu ina mzazi mwingine, na haijui lolote kuhusu terminali. Ili mpangilio ubaki, mtumiaji huuandika katika faili la .bashrc au .profile lililo kwenye folda yake ya nyumbani. Msimamizi anayetaka kuruhusu watumiaji wote huandika mstari huu katika /etc/security/limits.conf:

* soft core unlimited

Mstari huo huanza kazi mtu anapoingia upya kwenye mfumo, si kabla. Huduma zinazoanzishwa na systemd hazipitii njia hiyo, kwa hiyo kwao huwekwa LimitCORE=infinity ndani ya faili la huduma husika.

Jina na mahali

Mlango wa pili ni wa msimamizi. Linux husoma kiolezo cha jina kutoka /proc/sys/kernel/core_pattern. Mtu yeyote anaweza kukiangalia:

cat /proc/sys/kernel/core_pattern

Jibu likiwa neno core peke yake, faili litaandikwa kwenye folda ambamo programu ilikuwa ikifanyia kazi wakati inaanguka. Folda hiyo si lazima iwe ile ambamo programu imehifadhiwa, na programu inaweza kuwa imehama yenyewe njiani. Kiolezo kinaweza kuwa na alama zinazobadilishwa: %e ni jina la programu, %p ni namba ya mchakato, %t ni muda, %u ni namba ya mtumiaji na %s ni namba ya ishara. Bila alama hizo kora mpya hufuta ya zamani. Msimamizi wa maabara anaweza kukusanya kora zote mahali pamoja namna hii:

sysctl -w kernel.core_pattern=/var/kora/%e.%p.%t

Folda hiyo lazima iwepo na watumiaji waweze kuandika ndani yake, kwa sababu keneli haiiundi.

Kiolezo kikianza na alama ya mstari wima, mambo hubadilika kabisa. Badala ya kuandika faili, keneli huianzisha programu iliyotajwa baada ya alama hiyo na kuimiminia kora. Uwezo huu ulikuja na keneli 2.6.19, na ndio unaotumiwa na usambazaji mkubwa karibu wote. Hapa ndipo lilipo jibu kwa mwanafunzi anayetafuta faili bila kuliona: kora ipo, lakini imechukuliwa na mtu wa kati. Keneli yenyewe katika hali hii haizingatii kikomo, ila inaweza kumpa mtu wa kati thamani yake ili aamue.

Kwenye Fedora, Arch na mifumo mingine mingi, mtu huyo wa kati ni systemd-coredump. Yeye hubana kora na kuiweka katika /var/lib/systemd/coredump, na hukiheshimu kikomo: kikomo laini kikiwa sifuri, huandika taarifa ya ajali kwenye kumbukumbu za mfumo bila kuhifadhi faili. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuona kora zake mwenyewe, si za jirani:

coredumpctl list
coredumpctl debug

Amri ya pili hufungua kora ya karibuni moja kwa moja ndani ya gdb. Kiasi cha juu cha nafasi na ukubwa wa kora moja hupangwa na msimamizi katika /etc/systemd/coredump.conf. Kora za zamani hufutwa zenyewe, kwa hiyo inayohitajika inakiliwe mapema kwa coredumpctl dump.

Ubuntu kwa miaka mingi imetumia Apport, inayoweka ripoti katika /var/crash. Apport ilitengenezwa kwa ajili ya programu zilizosakinishwa kutoka kwenye hazina ya Ubuntu, hivyo haitengenezi ripoti kwa programu ambayo mtu ameiandika mwenyewe. Mtumiaji anaweza kubadilisha tabia hiyo bila kuwa root, kwa kuunda faili la .config/apport/settings katika folda yake ya nyumbani lenye mistari hii miwili:

[main]
unpackaged=true

Kiolezo cha core_pattern ni kimoja kwa keneli nzima. Programu inayoanguka ndani ya kontena hushughulikiwa kwa kiolezo cha mashine mwenyeji, hata kama ndani ya kontena hakuna njia ya faili inayotajwa humo. Wanaotumia Docker hukutana na jambo hili mara kwa mara.

Jaribio dogo

Njia rahisi ya kuhakikisha kwamba mipangilio inafanya kazi ni kuanzisha sleep 100 na kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya mkwaju wa nyuma. Mkato huo hutuma SIGQUIT, mojawapo ya ishara zinazoleta kora. Programu fupi ya C hufaa zaidi kwa kujifunza:

int main(void)
{
    int *p = 0;
    *p = 5;
    return 0;
}

Kielekezi p hakielekezi popote, na kuandika kupitia kwake ni kosa. Programu hukusanywa kwa kuongeza alama ya -g ili majina ya vigeu na namba za mistari zihifadhiwe, kisha huendeshwa:

gcc -g -o jaribio jaribio.c
./jaribio
gdb ./jaribio core

Ndani ya gdb, amri ya bt huonyesha mlolongo wa funksheni, na hapa itataja mstari wa 4 wa jaribio.c. Amri ya info locals huonyesha vigeu. Gdb inahitaji programu ile ile iliyoanguka: mtu akibadilisha msimbo na kukusanya upya kabla ya kuifungua kora, majibu atakayopata hayatakuwa na maana.

Ukubwa unaoonyeshwa na ls -l usimtishe mtu. Keneli huacha mapengo mahali pa kurasa ambazo hazijaguswa, na nafasi halisi inayoliwa kwenye diski huonekana kwa amri ya du. Mtumiaji anaweza pia kuchagua aina za kumbukumbu zitakazoandikwa, kwa kubadilisha thamani iliyo katika /proc/$$/coredump_filter, ambayo kwa kawaida huwa 33 kwa hesabu ya heksadesimali. Watu wachache huhitaji kuigusa.

Faili linapokosekana

Kikomo kikiwa sawa na kiolezo hakina mstari wima, bado zipo sababu kadhaa. Folda inaweza kuwa haiandikiki kwa mtumiaji huyo, diski kujaa, au nafasi aliyogawiwa kwisha. Jina lile lile linaweza kuwa tayari limechukuliwa na folda, au na faili lenye jina la pili mahali pengine; keneli hukataa kuandika juu yake kwa tahadhari. Mtumiaji anaweza kuwa na ruhusa ya kuendesha programu lakini hana ruhusa ya kuisoma, na hapo pia hapati kora. Kuna hali moja ya kuchekesha: kiolezo kikiwa kitupu huku core_uses_pid ikiwa 1, faili huitwa nukta na namba ya mchakato, mfano .4121, na kwa sababu jina linaanza na nukta, ls ya kawaida hailionyeshi.

Hatari kwa siri

Faili la kora ni picha ya kila kitu ambacho programu ilikijua. Nenosiri lililoandikwa sekunde chache kabla, funguo za usimbaji, barua iliyokuwa ikisomwa, hata nenosiri la hifadhidata lililowekwa kama kigezo cha mazingira, vyote huweza kuwemo. Amri ya strings ikielekezwa kwenye kora huonyesha maandishi yote yanayosomeka. Linux huliandika faili kwa ruhusa za mwenyewe pekee, lakini ulinzi huo hausaidii pale mtu anapolituma kwa hiari kama kiambatisho cha ripoti ya hitilafu. Kutuma matokeo ya bt hutosha mara nyingi, nayo yasomwe kwanza kabla ya kutumwa.

Katika miaka ya 1990 seva ya FTP iitwayo wu-ftpd iliweza kuangushwa na mtu wa mbali kwa amri ya PASV, ikaacha kora ambamo alama za siri za manenosiri ya mfumo zilionekana. Kwa sababu ya visa kama hivyo, programu zinazoendeshwa kwa mamlaka kuliko ya aliyeziita haziachi kora kwa kawaida. Tabia hiyo inaongozwa na /proc/sys/fs/suid_dumpable: 0 inakataza, 1 inaruhusu kila kitu na haifai nje ya maabara, na 2 inaruhusu lakini faili husomwa na root tu.

Thamani hiyo ya 2 ina historia yake. Keneli kuanzia 2.6.13 ziliruhusu mchakato wowote kujiwekea thamani 2 kwa kutumia wito wa prctl. Matokeo yake, mtumiaji wa kawaida aliweza kuhamia folda ya /etc/cron.d, ambako hana ruhusa ya kuandika, akaangusha programu yake kwa makusudi, na keneli ikaandika kora humo kwa jina la root. Ndani ya kumbukumbu ya programu hiyo alikuwa ameficha mstari wa cron. Cron ilipolisoma faili, iliruka takataka zote na kuutekeleza mstari ule kwa mamlaka ya root. Dosari hii, CVE-2006-2451, ilizibwa katika keneli 2.6.17.4 mwezi Julai 2006, lakini mwezi huo huo ilikuwa imeshatumika kuivamia gluck, seva mojawapo ya mradi wa Debian, baada ya wavamizi kupata akaunti ya mtengenezaji mmoja.

Mwezi Mei 2025 kampuni ya Qualys ilitangaza dosari mbili zinazofanana, CVE-2025-5054 kwa Apport na CVE-2025-4598 kwa systemd-coredump. Mshambuliaji aliye ndani ya mashine huangusha programu yenye mamlaka, kisha haraka huweka mchakato mwingine wenye namba ile ile, ili mtu wa kati adanganyike na kumpa kora isiyo yake. Watafiti walionyesha kwamba kwa njia hiyo alama za siri za /etc/shadow zinaweza kupatikana. Kinga ya muda, kabla ya kusakinisha marekebisho, ilikuwa kuweka 0 katika suid_dumpable.

Programu zinazotunza siri hujilinda zenyewe. Ssh-agent huiambia keneli kupitia prctl kwamba isitolewe kora yake, na gpg-agent hujiwekea kikomo cha sifuri. Tangu Linux 3.4 programu inaweza pia kutenga sehemu tu ya kumbukumbu isiandikwe, kwa wito wa madvise wenye alama ya MADV_DONTDUMP.

Mifumo mingine

FreeBSD hulipa faili jina la programu likifuatwa na .core, mfano jaribio.core, na kiolezo chake ni kern.corefile. OpenBSD na NetBSD hufuata mtindo huo huo wa jina. Kikomo kwa makundi ya watumiaji huwekwa katika /etc/login.conf kwa jina la coredumpsize.

Solaris ndiyo inayompa mtumiaji wa kawaida uhuru mkubwa zaidi. Amri yake ya coreadm humruhusu kila mtu kuweka kiolezo cha michakato yake mwenyewe, nacho hurithiwa na watoto wake. Mstari mmoja katika .profile unatosha:

coreadm -p $HOME/kora/core.%f.%p $$

Kwenye macOS kora huandikwa katika folda ya /cores kwa jina la core na namba ya mchakato, baada ya kikomo kuondolewa kwa ulimit. Mtumiaji asiye na ruhusa ya kuandika katika folda hiyo hapati kitu, na katika matoleo mapya programu yenyewe lazima iwe imetiwa saini yenye kibali cha com.apple.security.get-task-allow.